Sisimizi Huchelewa Kufika: Historia ya Kuipima Sukari



Katika nyumba nyingi za pwani yetu watu wamekuwa na njia yao ya kuutambua ugonjwa wa kisukari. Mama mwenye nyumba akiona sisimizi wamejipanga msururu chooni, pale alipokojoa mzee, huguna akasema: "Huyu bwana ana sukari." Njia hii si upuuzi. Sisimizi hana sababu ya kusema uwongo; anachokifuata ni sukari kweli, na matabibu wakubwa wa zamani walimtumia huyo huyo sisimizi kuwa shahidi wao. Lakini sisimizi huchelewa kufika, na makala haya, inshallah, yatakueleza kwa nini huchelewa, na ni kwa taabu gani na kwa miaka mingapi wanadamu wamejitahidi kumtangulia.

Jambo hili si dogo. Homa humwangusha mtu kitandani, jino humkesha usiku kucha, lakini kisukari kwa miaka yake ya mwanzo aghlabu hakiumi. Mtu huenda sokoni, huswali jamaa msikitini, hula biriani arusini na kurudi kwake salama, hali ya kuwa macho yake, figo zake na mishipa yake ya fahamu inaliwa kidogo kidogo. Maradhi yasiyouma yajulikana kwa nini basi, ila kwa kupimwa? Ndiyo maana historia ya ugonjwa huu, kwa sehemu kubwa, ni historia ya vipimo vyake.

Tuanze ng'ambo ya pili ya bahari yetu hii. Matabibu wa Kihindi wa zamani sana, ambao elimu yao imehifadhiwa katika vitabu vinavyonasibishwa na Charaka na Sushruta, waliuita ugonjwa huu madhumeha, maana yake mkojo wa asali. Waliona kwamba mkojo wa wagonjwa hao huwavuta sisimizi. Wakaona pia kwamba wagonjwa si wa namna moja: wako wanaokonda na kupatwa wangali vijana, na wako wanene wapatwao ukubwani. Mgawanyo huo wa aina mbili hata leo madaktari wanao, ingawa sababu zake wamezifahamu kwa njia nyingine.

Kwa Wayunani jina lilitokana na maji, si na utamu. Neno lao diabetes maana yake ni kitu kinachopitisha, kama mrija unaopitisha maji kutoka chombo hiki hadi kile. Aretaeus wa Kapadokia, nchi ambayo leo imo ndani ya Uturuki, aliandika katika karne ya 2 khabari za wagonjwa wasioshiba maji na wasiokoma kukojoa, akaona kana kwamba nyama ya mwili inayeyuka na kutoka na mkojo. Hakutaja utamu.

Matabibu wa Kiislamu walirithi elimu ya pande zote mbili. Katika miji yao mtu hakuwa tabibu kwa ukubwa wa kilemba chake. Al-Shayzari, aliyeandika kitabu cha hisba huko Sham katika karne ya 12, alieleza namna muhtasib anavyopaswa kuwasimamia matabibu kama anavyowasimamia waoka mikate na wauza nyama. Tabibu amwulize mgonjwa maumivu yake, autazame mkojo wake katika chupa iitwayo karura, ashike mshipa wa mkono, kisha aandike alichokiona na dawa aliyoitoa, na nakala awaachie jamaa wa mgonjwa. Mgonjwa akifa, jamaa huzipeleka karatasi zile kwa mkuu wa matabibu, naye huamua kama mwenzake alifanya wajibu wake au alizembea. Hayo ni mambo ya zaidi ya miaka 800 iliyopita. Leo wako miongoni mwetu wanaopewa kadi ya kliniki yenye tarakimu za mwaka mzima, wakaifungia vitumbua.

Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 na kufa mwaka 1037, aliuweka ugonjwa huu miongoni mwa maradhi ya figo katika kitabu chake mashuhuri, al-Qanun fi al-Tibb. Katika majina aliyoutajia mna dulabu, yaani gurudumu la kutekea maji. Mfano mzuri ulioje! Mgonjwa hunywa, maji hupita, hutoka, naye hunywa tena, kama gurudumu lisilosimama. Ibn Sina amezikwa Hamadan, katika nchi ya Iran. Msomaji na aushike mji huo, kwa sababu tutarudi kwao. Baada yake Abd al-Latif al-Baghdadi (1162–1231) aliandika risala nzima juu ya maradhi haya peke yake.

Hapa sitaki kufanya kama wafanyavyo baadhi ya waandishi wetu, ambao kila kigunduliwacho Ulaya hudai kilikwisha kugunduliwa na wazee wetu, kisha wakalala usingizi. Ibn Sina hakuipima sukari. Hakuwa na mizani ya kuipimia, na kwa kuwa alichokiona mbele yake kilikuwa maji mengi, aliutafuta ugonjwa katika figo. Heshima yake haipungui kwa kusema hivyo. Aliutazama mwili wa mgonjwa kwa makini kuliko wengi waliomfuata, akaandika alichokiona.

Utamu ulirudi katika vitabu vya Ulaya mwaka 1674, kwa mkono, au tuseme kwa ulimi, wa tabibu wa Kiingereza aitwaye Thomas Willis. Yeye aliuonja mkojo akaandika kwamba ni mtamu kama uliotiwa asali au sukari. Kwetu sisi mkojo ni najisi, na najua msomaji amekunja uso. Lakini hata Willis hakuthubutu kusema kwamba utamu ule ni wa sukari yenyewe. Ilipita miaka 102 zaidi kabla hilo halijathibitika.

Aliyelithibitisha ni Matthew Dobson, daktari wa Liverpool, katika maandishi yaliyotoka mwaka 1776. Alichukua mkojo wa mgonjwa akauchemsha polepole mpaka maji yote yakaisha, na chini ya chombo kukabaki mkate mweupe uliomumunyuka mkononi, wenye harufu na ladha ya sukari. Kisha akafanya jambo kubwa zaidi: alitazama maji ya damu ya mgonjwa, nayo akayakuta na utamu. Basi sukari haikutengenezwa na figo; ilikuwamo ndani ya damu, na figo zilikuwa zinaimwaga tu. Kwa majaribio hayo ya jikoni ugonjwa ulihamishwa kutoka kwenye figo na kupelekwa katika damu na chakula.

Nitasema neno moja pembeni. Liverpool ya mwaka 1776 ilikuwa bandari ya kwanza ya Uingereza kwa biashara ya watumwa, na katika shehena zilizotia utajiri mji ule ilikuwamo sukari ya visiwa vya Amerika iliyolimwa kwa migongo ya Waafrika. Sisi watu wa pwani, wenye magofu yetu na khabari zetu, hatuwezi kulipita jambo hilo kimyakimya. Daktari alikuwa akiitafuta sukari katika chungu chake, na nje ya dirisha lake merikebu zilikuwa zikiiteremsha kwa mapipa.

Mwaka 1815 Mfaransa Michel Chevreul alionyesha kwamba sukari ya mkojo ni ile ile sukari ya zabibu, ambayo leo huitwa glukosi. Baada ya hapo wataalamu wa kemia walitafuta dawa ya kuifichua bila ya mtu kuonja kitu. Waliipata katika shaba. Hermann von Fehling wa Ujerumani alitoa kipimo chake mwaka 1848, na mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Stanley Benedict akakirekebisha kikawa chepesi. Wazee wetu waliopita hospitalini zamani huenda wakakikumbuka: dawa ya rangi ya buluu katika neli ya kioo, mililita 5, hutiwa matone 8 ya mkojo, ikachemshwa. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, ipo kidogo, manjano, imezidi, ikifika rangi ya matofali, ni nyingi mno. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuiona hukumu yake kwa macho.

Sasa tuje kwenye lile la sisimizi. Kila figo ina kizingiti. Damu ipitapo ndani yake, figo huichuja, kisha huirudisha sukari yote mwilini, kwani sukari ni riziki ya mwili na figo haitaki kuipoteza. Lakini nguvu yake ya kurudisha ina mpaka. Kwa watu wengi sukari ya damu ikivuka kama milimoli 10 kwa lita (ndiyo hesabu iandikwayo katika kadi za kliniki zetu; kwa hesabu nyingine ni miligramu 180 kwa desilita) figo hushindwa, na inayozidi humwagika katika mkojo. Kwa watu wazima wengi waliozeeka kizingiti hicho huwa juu zaidi. Na daktari leo humhesabu mtu kuwa na kisukari sukari yake ikifika 7.0 kabla ya kula asubuhi. Linganisha mwenyewe: kati ya 7 na 10 mna nafasi kubwa, na mtu aweza kukaa humo miaka. Mkojo wake hauna kitu, dawa ya Benedict inabaki buluu kama bahari, na chooni hapana hata sisimizi mmoja. Wao hufika maji yakishamwagika.

Kwa hiyo ilibidi kuiendea damu yenyewe. Taabu ilikuwa kwamba vipimo vya mwanzo vilitaka damu nyingi. Karibu na mwaka 1920, huko Harvard, Otto Folin na mwenzake Hsien Wu walitoa njia iliyohitaji damu kidogo, na hospitali za nchi nyingi zikaitumia kwa miaka mingi. Wakati wake uliwadia vizuri. Tarehe 11 Januari 1922, mjini Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini, wa kwanza kati ya wanadamu. Dawa ile ya mara ya kwanza haikuwa safi, lakini siku 12 baadaye ilisafishwa akadungwa tena, na sukari ya mkojo wake ikapungua mno. Kabla ya siku hiyo kipimo kilikuwa mjumbe wa msiba: kilimwambia mzazi kwamba mwanawe atakufa, basi. Baada yake kipimo kikawa usukani. Insulini kidogo haifai, na insulini nyingi huishusha sukari mpaka mtu akaanguka na kufa. Bila ya kupima, daktari anaelekeza jahazi usiku pasina nyota.

Lakini usukani ulikuwa mikononi mwa hospitali peke yake, na mgonjwa alipimwa mara moja kwa mwezi au kwa miezi mitatu. Mwaka 1956 ilitoka Marekani karatasi ndogo ya kuchovya katika mkojo, kazi ya mume na mke, Alfred na Helen Free. Katikati ya miaka ya 1960 ikafuata karatasi ya kutilia tone la damu, na mwaka 1970 mashine ya kuisoma rangi yake. Mashine hiyo ilikuwa nzito, na iliuzwa kwa madaktari na hospitali tu.

Alikuwapo mhandisi wa Marekani, Richard Bernstein, aliyeshikwa na kisukari mwaka 1946 akiwa na miaka 12. Kufika utu uzima tayari alikuwa na madhara ya ugonjwa huu mwilini. Aliposikia khabari za mashine ile aliitaka, akanyimwa kwa kuwa si daktari. Bahati yake mkewe alikuwa daktari, na mashine ikanunuliwa kwa jina la mke. Bernstein akawa anajipima mara nyingi kwa siku, akaona kila tonge na kila sindano inavyoipandisha na kuishusha sukari yake, akajirekebisha mwenyewe. Alipoandika aliyoyaona, majarida ya tiba yalimkataa. Basi akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40 aliingia chuo cha udaktari, akahitimu mwaka 1983, ili asikilizwe. Alifariki mwaka 2025, na alikuwa amepindukia miaka 90. Leo mashine kama ile hukaa kiganjani na kujibu kwa sekunde chache, na hakuna anayeuliza kama wewe ni daktari.

Kwa sisi tulio nayo nyumbani, mambo mawili. Nawa mikono kwa maji na sabuni, ukauke, kabla ya kujidunga. Aliyetoka kumenya embe au kula tende akajipima bila ya kunawa, mashine itaihesabu sukari ya kidole pamoja na ya damu, naye atapata tarakimu ya kumtia wazimu. Na zile stripu zifungwe katika kopo lao, mbali na joto na mvuke. Hewa yetu ya pwani huziharibu upesi.

Sasa turudi Hamadan. Mwaka 1929, katika mji huo alimozikwa Ibn Sina, alizaliwa mtoto katika nyumba ya Mayahudi wa Iran, akaitwa Samuel Rahbar. Alisoma udaktari, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Tehran. Kazi yake ilikuwa kuichunguza hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu ichukuayo hewa, akitafuta aina zake zisizo za kawaida kwa kuitenganisha kwa nguvu za umeme. Katika damu ya baadhi ya wagonjwa aliona mstari usiostahili kuwapo pale. Alipouliza khabari zao akaambiwa: hawa wana kisukari. Akapima wengine wenye kisukari, na mstari ukawa ule ule. Alitangaza jambo hilo mwaka 1968. Kutoka kufa kwa Ibn Sina mpaka hapo ni miaka 931.

Alichokiona Rahbar ni hiki. Sukari ikizidi katika damu hujigandisha kwenye hemoglobini, na ikishaganda haitoki. Chembe nyekundu ya damu huishi karibu siku 120, kisha hufa na kupatikana mpya. Basi ukipima ni sehemu gani ya hemoglobini imegandwa na sukari, umepata khabari za miezi miwili mitatu iliyopita, si za leo asubuhi tu. Mwaka 1976 Ronald Koenig na Anthony Cerami wa New York walionyesha kwamba sukari ya mgonjwa ikitengenezwa, hesabu hii nayo hushuka. Ndicho kipimo kiitwacho HbA1c, na wengi wetu hukiita kipimo cha miezi mitatu.

Mwenye duka atanielewa. Fedha za kwenye droo zaonyesha mauzo ya leo. Daftari ndilo lionyeshalo kama duka linakwenda. Na hapa, msomaji, niseme wazi, kwa sababu jambo hili limo majumbani mwetu. Wako wagonjwa ambao mwezi mzima hula haluwa, hunywa chai ya sukari nne, na dawa huzisahau. Kisha siku mbili kabla ya kliniki hujifunga, hula mchicha na kunywa maji, dawa hawakosi. Asubuhi hupimwa, tarakimu huwa nzuri, daktari hufurahi, nao hurudi nyumbani na sambusa. Nani aliyedanganywa? Daktari ataondoka kwenda kwake na macho yake mazima na miguu yake mizima. Kipimo cha Rahbar ndicho kilichoimaliza hila hiyo. Sisemi kwamba chembe ya damu ni malaika mwandishi, astaghfirullah. Nasema tu kwamba Mwenyezi Mungu ameumba ndani ya mtu kitu kinachoweka kumbukumbu, na siku mbili za mchicha hazikifuti.

Faida yake ilidhihirika mwaka 1993. Huko Marekani na Kanada watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza waligawanywa mafungu mawili, wakafuatwa kwa wastani wa miaka sita na nusu. Fungu moja lilitibiwa kwa kawaida ya wakati ule, HbA1c yao ikawa karibu na asilimia 9. Fungu la pili lilijipima mara kwa mara na kuirekebisha insulini, likafika karibu na asilimia 7. Kwa hao wa pili, hatari ya kuanza kuharibika macho ilipungua kwa asilimia 76. Kabla ya hapo madaktari walikuwa wakibishana kama kuichunga sukari kwa ukali kunafaa kitu. Ubishi huo ukazimika.

Huenda ukauliza: hiyo 7.0 ya asubuhi, na 11.1 saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, na asilimia 6.5 ya HbA1c ambayo Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2011, zimetoka wapi? Zimetoka machoni. Wachunguzi waliwatazama watu wengi nyuma ya jicho, wakalinganisha na sukari zao, wakatafuta ni wapi uharibifu unapoanza. Miongoni mwa waliotazamwa walikuwamo Wahindi Wekundu wa Pima wa Arizona, na walikuwamo Wamisri. Mpaka wa asubuhi hapo kwanza ulikuwa 7.8, ukateremshwa kuwa 7.0 mwaka 1997 na Wamarekani, na Shirika la Afya likafuata mwaka 1999. Basi tarakimu hizo usizione kama amri ya mtu aliyekaa ofisini. Nyuma ya kila moja mna watu walioharibika macho.

Hata hivyo kila shahidi ana aibu yake. Kwa kuwa HbA1c yategemea uhai wa chembe nyekundu, kwa mtu ambaye chembe zake hufa mapema kipimo hiki husema chini ya ukweli. Mwenye selimundu ni mmoja wao, na mwenye upungufu wa damu mkali naye kipimo chaweza kumpotoa. Pwani yetu ina familia nyingi zenye selimundu. Ikiwa imo kwenu, mwambie daktari kabla ya kupimwa, atumie njia nyingine.

Na usidhani kwamba ugonjwa huu ni wa watu wa mbali. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Dar es Salaam walitangaza matokeo ya kuwapima watu wazima zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika mmoja katika mia. Uchunguzi wa nchi nzima ya Tanzania Bara wa mwaka 2012 ulikuta kama tisa katika mia kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Vipimo vya nyakati hizo mbili havikuwa sawasawa, wala umri haukuwa mmoja, kwa hiyo usifanye hesabu ya haraka. Lakini anayeona hapo hapana khabari, na afumbue macho.

Khabari za Ramadhani lazima tuziguse, kwa sababu ndipo kipimo na ibada hukutana. Uchunguzi wa mwaka 2001 katika nchi 13, juu ya Waislamu zaidi ya 12,000 wenye kisukari, ulikuta kwamba wengi wa wale wa aina ya pili walifunga, na kwamba kuanguka kwa sukari kulikokithiri kuliongezeka mwezi huo mara kadhaa. Wako wanaoogopa kujidunga kidole mchana wasije wakafungua. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah, katika kikao chake cha 10 mwaka 1997, iliamua kwamba kutoa damu kwa ajili ya kupimwa hakubatilishi saumu. Basi jipime, Saa tisa alasiri kama vile asubuhi. Sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.6, madaktari wa Kiislamu walioandika miongozo ya saumu wanakubaliana kwamba ufungue papo hapo, hata kama zimebaki dakika za kuhesabu. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa hiyo katika Sura ya al-Baqara. Ambaye hukataa ruhusa ya Mola wake kwa kuona haya mbele ya jirani, saumu yake imekwisha kuwa ya jirani.

Kimebaki kipimo cha madhara yenyewe, na hapa wengi wetu hulala. Mtu husema, "Sukari yangu nzuri," akatosheka. Jicho lapaswa kutiwa dawa ya kupanua mboni na kutazamwa nyuma yake kila mwaka, hata likiwa linaona vizuri, kwa sababu mishipa huanza kuvuja kabla ya mwenyewe kujua. Kwa figo, mkojo uliokwisha kudharauliwa umerudi barazani. Sasa hautafutwi utamu ndani yake. Hutafutwa albumini, protini ya damu ambayo figo nzima haiachii kupita. Harry Keen wa London na mwenzake walitoa mwaka 1963 njia ya kuipima ikiwa kidogo sana, na mwaka 1982 ikaonyeshwa kwamba hiyo kidogo ni ishara ya figo zitakazoharibika miaka ya mbele. Ikifika miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini, na ikarudiwa kupimwa ikawa vile vile, daktari ana dawa za kuchelewesha balaa. Ikingojwa mpaka miguu ivimbe, dawa hizo zinakuwa na kazi ndogo.

Na mguu. Mishipa ya fahamu ikifa, mtu hukanyaga msumari, au hupigwa na ukanda wa kandambili, au huungua kwa mchanga wa jua kali, na hajui mpaka harufu itoke. Kliniki zina uzi wa nailoni wa kujaribia, lakini madaktari wa Ipswich, Uingereza, walionyesha mwaka 2011 kwamba kidole cha mtu chafaa pia, na jambo hili laweza kufanywa leo usiku barazani kwako. Mzee alale chali, avue viatu na soksi, afumbe macho. Mwanawe, au mkewe, amguse kwa ncha ya kidole cha shahada, polepole, bila ya kubonyeza wala kusugua, kwa muda wa sekunde moja au mbili: kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha kile kidogo kabisa, kisha gumba cha kushoto, kisha kidogo chake, kisha vidole vya kati vya miguu yote miwili. Kila anapohisi, aseme kulia au kushoto. Asipohisi usirudie, na usimsaidie kwa kumwuliza, "Je, huu?" Kati ya sita hizo, akikosa kuhisi mbili au zaidi, miguu hiyo haina tena mlinzi wake, na kesho apelekwe kliniki ikatazamwe, hata kama haina kidonda.